Kadi ya Mama Jazia

Neno la kwanza nililoambiwa na mama mkwe wangu siku nilipoingia nyumbani kwake halikuwa "karibu". Lilikuwa "jazia". Nilikuwa bado na viatu vya harusi miguuni, kisigino kimoja kimelegea, nikajimiminia chai kutoka kwenye chupa iliyokuwa mezani. Akaichukua ile chupa, akaitikisa karibu na sikio. "Imefika nusu, mwanangu. Jazia." Nikadhani ni utani wa kumpokea bibi harusi, nikacheka. Yeye hakucheka. Nikanyanyuka na gauni langu jeupe nikaenda jikoni kuchemsha maji.

Sitawaficha, miaka kumi ya kwanza neno hilo lilinikera hadi nikataka kuhama. Jazia birika. Jazia mtungi. Chumvi imepungua, jazia. Pasi haina maji, nani ameitumia bila kujazia? Mgeni hajapiga hata mafunda mawili, kikombe chake kinajaziwa. Mume wangu ni dereva wa malori, na ndiye mtoto wao wa pekee. Nilipomlalamikia alicheka tu. "Usimtie moyoni," alisema. "Yule si mama peke yake, yule ni dirisha la dawa."

Na kweli alikuwa dirisha la dawa. Miaka thelathini na mmoja alikaa nyuma ya dirisha la kugawia dawa hospitalini, na wenzake walimpachika jina la Mama Jazia, naye akaitika. Unampa cheti, anakisoma huku midomo ikicheza, kwa sababu mwandiko wa madaktari hausomeki kwa macho matupu. Kisha anamwaga vidonge kwenye trei na kuvihesabu vitano vitano kwa kisu butu cha plastiki, haraka hata macho yako hayamfuati. Jioni hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla makopo yote hayajajaziwa, vya zamani mbele, vipya nyuma, lebo zimetazama watu. Wasichana wa kazini walimsengenya kwamba siku ya kufa kwake atauliza kama jeneza limejaa.

Ila kulikuwa na mahali pamoja ambapo hata yeye hakujazia, na hapo palikuwa penye kadi. Zamani, kabla hajaanza kazi, mtu mmoja aliona kopo tupu akalijazia vidonge vyeupe vilivyofanana na vile vilivyokwisha, na mgonjwa akaponea chupuchupu. Tangu siku hiyo ikawekwa sheria. Dawa ikiisha, rafu inatundikwa kadi, na mkono wa mtu usipite hapo hadi stoo walete mzigo na uhesabiwe. Kadi yenyewe ilikuwa ya karatasi ngumu yenye uzi, imeandikwa kwa herufi kubwa: DAWA IMEKWISHA. RUDI KESHO. Katika miaka yake yote dirishani aliitundika mara mbili tu, na mara zote mbili alirudi nyumbani akalala bila kula. Aliniambia mwenyewe, tukichambua mchele. "Mtu ametembea na homa, amepanga foleni, amefika mbele yangu, halafu mimi nimwambie rudi kesho. Heri anitukane."

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na hotuba, na saa ilikufa mapema kuliko hotuba. Baba mkwe wangu, ambaye ni seremala, alimwona mkewe anavyozungukazunguka nyumbani bila dirisha, akachukua tindo akatoboa ukuta kati ya jikoni na sebule. Akamtengenezea kidirisha cha kupitishia vyombo, chenye kijimlango cha kufunga, na pembeni yake, upande wa jikoni, kabati la dawa za nyumbani. "Ili usipotee njia," alimwambia. Mama akakifuta kile kidirisha kwa kitambaa, akakikagua juu na chini, akasema, "Fundi, umeacha msumari hapa." Ndivyo alivyomwita siku zote, Fundi. Sijawahi kumsikia akimwita jina lingine.

Kusahau kulianza kidogo kidogo, na kulianzia jikoni kwangu. Asubuhi moja tulikunywa chai ya chumvi. Kopo la sukari lilikuwa nusu, akalijazia alichokiona karibu. Mimi niliitema sinkini. Baba alimaliza kikombe chake bila kukunja uso, akasema ahsante. Wiki iliyofuata chupa ya sabuni ya vyombo ilijaziwa mafuta ya kupikia, nikaosha sahani zikatoka na mafuta kuliko zilivyoingia. Halafu ikaja zamu ya manukato yangu, zawadi ya mume wangu, niliyokuwa nayatumia kwa kubania. Nilijipulizia siku ya kwenda kwenye kikao cha shule ya watoto, nikanuka siki mwili mzima.

Siku hiyo nilipiga kelele. Nina ulimi mkali, sikuuficha wakati wa uchumba na siufichi sasa. "Mama, nani kakwambia ushike vitu vyangu?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Ilikuwa nusu," alisema. Jioni nilimpigia mume wangu simu nikamweleza, akaniambia nimvumilie mama. Nikamjibu kwamba yeye ameshika usukani, aniambie mimi nishike nini. Mtandao ukakata, au aliukata.

Kitu kimoja tu hakukikosea, nacho ni kisanduku cha dawa za Baba. Kilikuwa cha plastiki, chenye vyumba saba, kimoja kwa kila siku ya wiki. Kila Jumapili asubuhi Mama alikaa kwenye kidirisha chake na trei na kile kisu butu, akapanga dawa za wiki nzima: kidonge cha presha, kidonge cha kupunguza maji mwilini, na kile kidogo cheupe cha moyo, ambacho daktari alituonya tusikifanyie mchezo. Kimoja kwa siku. Kikizidi, kinaugeukia moyo uleule kinachoutibu. Mama alihesabu, akafunga vifuniko, akavifuta. Niliacha kufua ili nimtazame. Kwa muda ule mkono haukumtetemeka na jicho halikupotea, alikuwa yeye mwenyewe, na mimi nilikuwa nakaa pale mlangoni nikijiambia kwamba angalau hapa mambo ni salama.

Sikujua kinachoendelea siku za katikati. Jumatatu asubuhi Baba anakunywa dawa zake, anakwenda karakana yake uani. Chumba cha Jumatatu kinabaki kitupu. Saa nne Mama anapita jikoni, anaona chumba kitupu, na yule si mtu wa kupita kitu kitupu akakiacha. Anajazia. Saa sita anapita tena, anakuta chumba cha Jumatatu kimejaa. Kumbe mgonjwa hajanywa! Anachukua maji, anampelekea karakana. "Fundi, umesahau dawa." Naye Fundi anakunywa. Kisha chumba kiko kitupu tena.

Katikati ya siku hizo Baba aliniuliza kwa nini nimebadilisha kitambaa cha meza. Nikamwambia sijabadilisha. "Mbona cha manjano?" Kitambaa kilikuwa cheupe, nimekiloweka na dawa ya madoa usiku kucha, vidole vimenichubuka. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia kama wanataka mfuaji mwingine waseme tu. Akaniomba radhi, yule mzee, akasema labda ni macho. Alikuwa pia hamalizi tena chakula, anasukuma sahani akisema kichefuchefu, na hilo nalo nikalichukua kuwa ni dharau kwa mapishi yangu. Nalikumbuka kila nikikunja kile kitambaa. Alhamisi ya wiki hiyo alianguka kwenye mlango wa karakana, randa bado mkononi.

Hospitalini daktari, binti mdogo ambaye ningeweza kumzaa, aliuliza kama mgonjwa amekuwa akiona rangi ya manjano. Nikakumbuka kitambaa cha meza. Akauliza anakunywa vingapi vile vya moyo, maana vikizidi ndivyo macho yanavyofanya. Nikasema kimoja. Nani anampa? Mke wake, nikasema, na nikaongeza kwa fahari kwamba alikuwa mgawa dawa hapa hapa, miaka thelathini na mmoja. Daktari akasema niende nyumbani nilete chupa.

Niliimwaga kwenye trei ya Mama, pamoja na vile vyeupe vilivyobaki kisandukuni, nikahesabu vitano vitano kama nilivyomwona. Tulipewa sitini, siku kumi na tisa nyuma. Vilipaswa kubaki arobaini na kimoja. Vilikuwa vinane. Nilihesabu tena, nikahesabu tena. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu akitazama mikono yangu. "Unahesabu vizuri," aliniambia. "Lakini chupa imepungua. Jazia."

Baba alilazwa siku tisa. Siku ya kutoka daktari alinivuta pembeni, akaniambia safari hii moyo umestahimili, ya pili hatanidanganya, hadhani kama utastahimili. Mama asiguse dawa tena. Nikaitikia. Ni rahisi kuitikia ukiwa kwenye korido ya hospitali.

Njiani nilimweleza Baba kila kitu. Alisikiliza huku ameshika kofia yake magotini. "Usimwambie," alisema.

"Sitamwambia. Lakini akikuletea, ukatae."

"Nikatae?" Akanigeukia. "Mwanangu, miaka arobaini na miwili anachonipa nakunywa, sijawahi kuuliza ni cha nini. Nikikataa atajua kwamba hajui tena. Atajua mbele yangu."

"Baba, utakufa."

"Nitaviweka mfukoni," alisema. "Niachie mimi."

Nikamwachia, na nilikosea. Mama hakuwa mtu wa kupewa mgongo na mgonjwa. Alisimama juu yako hadi umeze, akakuambia fungua mdomo nione. Wiki ya kwanza nilifua shati la Baba nikakuta mfuko wake umeganda unga mweupe wa vidonge. Nikamuuliza kama ameviweka vyote mfukoni. Akasema anadhani ni vyote. Anadhani! Moto uliniwaka hadi masikioni. Nilimfokea mzee aliyenizidi miaka thelathini, nikamfokea kama mtoto, naye akawa anasugua gundi kavu kwenye kidole.

Basi nikaanza kuhangaika. Nilikificha kisanduku na chupa zote ndani ya kopo la misumari, karakana, na kila asubuhi saa kumi na mbili nikawa nampelekea Baba dawa zake huko huko na chai. Mama alipokuta kabati halina kitu aligeuza nyumba juu chini. Alipekua magodoro. Alimwaga unga. Alikaa chini jikoni katikati ya sufuria akilia kwamba atafukuzwa kazi, kwamba miaka yote haijapotea dawa mikononi mwake. Kisha akaniona mimi. "Huyu," alimwambia Baba, akininyooshea kidole. "Huyu ndiye mwizi." Nilijikaza kisabuni mbele yao, nikaenda kulia bafuni, bomba nimelifungulia.

Nikarudisha dawa kabatini vile vile na kulifunga kabati kwa kufuli. Alilifungua kwa kisu cha mezani, hajachukua hata dakika tano, na dawa zikarudi kwenye kopo la misumari. Muuguzi anayekaa jirani yetu akanishauri nimpe kisanduku kingine na maharage madogo, ajaze humo, atatulia. Nilifanya hivyo. Mama alimwaga maharage kwenye trei, akaweka kisu juu ya harage la kwanza, mkono ukasita. Akalichukua, akaliweka mwangani. Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alikuwa ananiona mimi hasa. "Haya ni maharage, mwanangu," alisema polepole. "Mimi si mwendawazimu." Nilitamani sakafu inimeze pale pale. Nikayazoa maharage yale nikayamwaga jaani, sikuyapika.

Nilimpenda. Sijui nilianza lini, maana sikumbuki siku niliyoacha kumchukia. Nilikuwa na mtu mmoja ambaye kazi yake ya mwisho duniani ilikuwa kumtunza mumewe, na kazi hiyo ilikuwa inamuua huyo mume, na kila nilipojaribu kumzuia nilimvunjia heshima. Mume wangu akipiga simu anasema, "Fanya unavyoona." Nilikuwa sioni.

Kadi niliipata nikitafuta vyeti vya hospitali. Ilikuwa chini kabisa ya mkoba wake wa kazi, imelazwa kifudifudi, kana kwamba hakutaka hata mkoba uisome. Uzi wake ulikuwa bado mzima. DAWA IMEKWISHA. RUDI KESHO. Nilikaa nayo kitandani muda mrefu. Nilijua itafanya kazi, na ndiyo sababu niliogopa. Asubuhi, baada ya Baba kumeza dawa zake karakana, niliitundika kwenye kitasa cha kabati.

Mama alikuja saa nne. Akanyoosha mkono kuelekea kabati, akaona kadi, mkono ukashuka wenyewe. Akaisoma midomo ikicheza. Kisha akafunika mdomo kwa kiganja.

"Imekwisha? Yote?"

"Yote, Mama."

"Stoo wanasemaje?"

"Wanasema kesho."

"Na watu? Watu watakunywa nini?"

Hakuligusa kabati. Alijifunga vizuri kitambaa cha kichwa, akafungua kijimlango cha kidirisha, akasimama kuwasubiri watu ili awaambie mwenyewe. Sebule ilikuwa tupu. Alisimama saa nzima. Nikamletea kiti, akakataa, akasema atakaaje na watu wamesimama. Chai yake ikapoa. Saa tano na nusu miguu yake ilikuwa imevimba juu ya ndala, na bado amesimama, macho kwenye ule mlango wa mbele.

Baba aliingia jikoni kutafuta maji, akamwona. Akaitazama kadi, akanitazama mimi. Akarudi karakana. Baada ya muda nikasikia hodi mlango wa mbele. Alikuwa yeye, amejifuta vumbi la mbao, amevaa kofia yake na koti. Akapita sebuleni taratibu, akasimama mbele ya kidirisha, akavua kofia.

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri, baba. Pole sana. Dawa imekwisha." Akashika ukingo wa kidirisha. "Rudi kesho."

"Ahsante. Nitarudi."

Mama akashusha pumzi. Akafunga kijimlango, akakaa, akanywa chai ile ile ya baridi. Baba alizunguka nyumba akaingia kwa mlango wa nyuma, akatundika kofia, akafungulia bomba la uani akanawa uso kwa muda mrefu sana. Hapo ndipo nilipotambua kwamba Mama hakuwa amemwita Fundi.

Kwa Mama kadi ile ilikuwa habari mpya kila asubuhi. Kila asubuhi aliisoma, akafunika mdomo, akauliza stoo wanasemaje, nami nikadanganya. Na kila asubuhi Baba alivaa koti, akapiga hodi kwake mwenyewe, akapanga foleni ya mtu mmoja ili mkewe apate kumaliza zamu. Afya yake ilirudi. Akala, akanenepa shingo, kitambaa cha meza kikawa cheupe. Mume wangu alipiga simu akauliza kama mambo yametulia. Nikasema yametulia.

Wiki ya tatu nilishindwa kuendelea kuwatazama. Ilikuwa Jumapili. Niliitoa kadi nikaiweka mfukoni mwa aproni, nikarudisha chupa na kisanduku kabatini, nikasimama karibu, nikijiambia nitazuia. Mama alikuja, akafungua kabati, akatoa trei. Alihesabu vitano vitano akiimba kwa pua. Alipanga vyumba vyote saba, akavifuta vifuniko, akageuza lebo zikatazama watu. Kisha akachungulia dirisha la uani akaita kwa sauti ya zamani kabisa:

"Fundi!"

Sijui kama niliwahi kumwona Baba akikimbia. Alikuja na vumbi la mbao kwenye nyusi, patasi bado mkononi. "Naam, naam, niko hapa." Mama akamshika kiganja, akamwekea vidonge vitatu, kile kidogo cheupe juu. "Fundi, umekonda," alimwambia. "Ulikuwa wapi? Kunywa nione." Baba alikuwa ameshakunywa dawa za siku hiyo saa kumi na mbili, mimi ndiye niliyempa. Aliutazama uso wa mkewe kwa namna ambayo sitaki kuieleza, akainua mkono mdomoni.

Nilimkamata kifundo.

"Niachie, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Mara moja tu."

"Sikuachii, Baba."

"Ameniita."

"Nimesikia."

Nilimfungua vidole kimoja kimoja. Ana mikono ya seremala, angeweza kunisukuma, lakini hakunisukuma. Vidonge vikaanguka sakafuni. Mama alikuwa ananitazama kwa hasira ambayo hata enzi za chupa ya chai sikuwahi kuiona. "Wewe dada ni wa wapi?" aliniuliza. "Mbona unamnyima mgonjwa dawa?" Nilitoa kadi mfukoni mwa aproni nikaitundika. Uzi uliniponyoka mara mbili. Mama akaisoma. Akafunika mdomo.

Sijaitoa tena. Huwa nalijazia birika, naiweka chai yake karibu na kidirisha, najifanya hamnazo. Jana Baba alichelewa kidogo kwa sababu ya mvua. Alifika koti limelowa, akavua kofia, akasema habari za asubuhi. Mama alimpa pole yake, akamwambia arudi kesho. Alipokuwa anageuka akamwita.

"Baba, hebu ngoja. Wewe nakuona kila siku. Mvua hii, na umri huo. Huna mtu nyumbani wa kukufuatia dawa?"

Baba aliizungusha kofia mikononi. "Ninaye," alisema. "Mke wangu."

"Basi mwambie aje yeye," Mama alisema. Akainama kwenye kidirisha, akapunguza sauti ili foleni isisikie. "Mwambie amuulize Mama Jazia. Wakileta tu, nitamwekea."

"Nitamwambia," Baba alisema, akavaa kofia yake akatoka.